Mugumo, Muiri na Swali la Nani Anaulinda Mti Wenye Nguvu

Katika semina za uhifadhi hapa Elburgon na kote kandokando ya Msitu wa Mau, kauli moja husikika mara kwa mara: turudishe imani za wazee kuhusu miti, misitu itapona. Mada hii inaikubali nusu ya kauli hiyo na kuipinga nusu nyingine. Ni kweli kwamba ipo miti ambayo watu waliiona ina nguvu kupita miti ya kawaida, na kwamba mingi kati yake ilidumu wakati mingine ikiangushwa. Lakini imani katika nguvu ya mti imewahi kuulinda mti, na imewahi kuumaliza pia. Naamini kwamba kinachoamua matokeo ni kama wanaouamini mti huo wanaishi nao na wana kauli juu ya ardhi unaposimama.

Tuanze na mugumo. Kwa Wakikuyu mti huu ulikuwa mahali pa ibada na dhabihu, na kuukata kulikuwa mwiko. Katika kitabu chake Unbowed, Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anaeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye aliona uhusiano kati ya mizizi ya mti huo, inayopenya chini sana ardhini, na kijito alimokuwa akichota maji. Wengi huishia hapo wanaposimulia habari hii, na huacha sehemu yenye uzito zaidi: ardhi ile ilipata mwenyewe mpya, mugumo ukakatwa kupisha chai, na kijito kikakauka. Imani haikuwa imetoweka kijijini. Walioishika ndio waliokuwa hawana tena sauti juu ya kipande kile cha ardhi. Mwiko ulikuwa sheria, wazee wa eneo wakiwa mahakama yake. Mahakama ilipovunjwa, sheria ilibaki neno tu.

Muiri unatufundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Ni mti wa misitu ya milimani, mkubwa, unaoweza kupita mita 30. Wakalenjin huuita tendwet, na wanasayansi Prunus africana. Gome lake limekuwa dawa kwa vizazi vingi katika sehemu nyingi za Afrika. Mganga wa kienyeji alichukua kipande upande mmoja, akaliacha jeraha lipone, kwa sababu mgonjwa wa mwaka ujao angelitegemea gome la mti uleule. Miaka ya 1960 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba dondoo la gome hilo husaidia wanaume waliovimba tezi dume, nayo dawa ikaanza kuuzwa Ulaya. Wala si uzushi: uchambuzi wa majaribio 18 uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba huwapunguzia wagonjwa dalili kwa kiasi cha wastani. Biashara ilipopanuka, magome yalisafirishwa kwa tani nyingi kutoka Cameroon, Madagascar, Kenya na kwingineko. Mtu anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kuacha upande mmoja. Mti ukiambuliwa gome kuuzunguka wote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa ukiwa wima. Kufikia mwaka 1995 muiri ulikuwa umeingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Tazama basi: nguvu ya muiri iliaminiwa na watu wengi zaidi kuliko wakati wowote, na huo ndio wakati ulipoanza kuangamia. Mgonjwa wa Ulaya aliyemeza kidonge aliamini kama alivyoamini mgonjwa wa Mau, ila hakuwahi kuuona mti wala hakuhasirika ulipokauka. Msandali umepita njia hiyohiyo. Mafuta yake yanatafutwa sana hivi kwamba watu huung'oa na mizizi, hadi uvunaji ukapigwa marufuku nchini kwa amri ya Rais mwaka 2007.

Pingamizi la kwanza ni la kidini. Waumini wengi wa hapa hawatakubali kuambiwa wauheshimu mti kwa sababu ya mizimu, na wana haki. Hoja hii haiwadai imani hiyo. Inadai ulinzi, na ulinzi una msingi katika sheria: Sheria ya Misitu ya 2005 ilivipa vyama vya jamii vya misitu wajibu wa kulinda vichaka vitakatifu na miti iliyotangazwa kuhifadhiwa, na sheria ya 2016 iliyoichukulia nafasi ikaudumisha. Mkristo anaweza kuutimiza wajibu huo bila kuinama mbele ya mti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Elburgon ni mji wa mbao. Familia nyingi zilikula kwa sababu ya misumeno, na marufuku ya ukataji ya mwaka 2018 iliziumiza. Kwa nini mtu mwenye njaa aujali muiri? Hapa lazima tutenganishe. Viwanda vinategemea saiprasi na misindano iliyopandwa, na mashamba hayo yanaweza kuvunwa na kupandwa upya bila kuigusa miti ya asili. Tena haifai kuwabebesha wakazi lawama yote. Mwaka 2001 maelfu ya hekta za Mau Mashariki yaliondolewa katika hifadhi kwa kalamu ya serikali, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa kuwalaumu Waogiek, wenyeji wa msitu huo, kwa uharibifu wa Mau, ikataja ugawaji wa ardhi na vibali vya ukataji. Waogiek walikuwa na maeneo ya ukoo, konoito, kila moja na mizinga yake ya nyuki na watu wanaojulikana kuwajibika kwalo. Huo ni mfumo wa ulinzi, wala haukuhitaji askari.

Wapo watakaosema dawa ni kuupanda muiri mashambani. Naunga mkono, lakini mbegu zake hazihifadhiki muda mrefu kama za saiprasi. Zikikaushwa sana hufa, hivyo inafaa zioteshwe mapema baada ya kuvunwa. Kitalu kinauhitaji mti mama uliokomaa, ulio karibu, na mtu anayejua msimu wake wa matunda kabla ndege na nyani hawajayamaliza. Kwa hiyo ninapendekeza vyama vya misitu vya Elburgon, Molo na Njoro viandikishe miti mama ya muiri iliyobaki, kila mmoja ukabidhiwe kikundi kilicho jirani nao, na kikundi hicho kiwe na haki ya kwanza ya kuuza miche. Uvunaji wa gome, ukiruhusiwa hata kidogo, usifanyike bila idhini ya maandishi ya kikundi hicho.