MSHAHARA WA MSAIDIZI WA UTAFITI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kilifi)



Sisi watu wa reli tumefika kwenu kwa matatu, maana reli haikupata kufika Kilifi wala Malindi. Tena wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni. Mtauliza: watu wa nyundo na mataruma wana lipi la kusema juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu? Tunalo, kwa kuwa ni watoto wetu, na shida yao twaijua kwa jina lake la zamani: ukibarua.

Kazi yenyewe mnaijua. Utafiti wa KEMRI na Wellcome ulianza hapa 1989, na tangu 2000 watu hupita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama, katika eneo la watu zaidi ya 250,000. Chuo Kikuu cha Pwani nacho kilipata hati yake 2013. Watafiti hawatuishi. Na kila utafiti mkubwa una mfadhili, naye hatoi fedha bila hesabu iliyoandikwa: vyombo kiasi hiki, safari kiasi hiki, mishahara kiasi hiki, na fungu la chuo chenyewe. Fedha hizo hupitia ofisi ya chuo, hazitoki mfukoni mwa profesa. Basi akisema "sina", muulizeni kwa adabu fungu la mishahara liliandikwaje.

Mmoja wetu ana binti anayesoma shahada ya pili, katika chuo ambacho hatutakitaja. Miezi minne alizunguka vijiji vya Ganze kwa bodaboda, akiuliza maswali kwa Kigiriama na kuyaandika kwa Kiingereza. Alipewa nauli tu. Alipodai mshahara aliambiwa yeye ni mwanafunzi, ajifunze. Alipougua siku tatu aliambiwa kazi imechelewa. Wakati wa jua ni mfanya kazi, wakati wa malipo ni mwanafunzi! Baba yake aliuza mbuzi wawili kulipa kodi ya chumba chake.

Wazee wetu waliyaona. Tume ya Holmes ya 1948 ilikubali kwamba Mwafrika katika utumishi wa serikali, hata akiwa na elimu ile ile, apewe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilikataliwa na Tume ya Lidbury 1954. Sababu siku zile ilikuwa rangi, leo ni kitambulisho cha mwanafunzi.

Lakini kulalamika mdomoni hakutoshi. Madaktari sita waliokuwa watafiti wa KEMRI walikwenda mahakamani wakidai wamebaguliwa katika mishahara na kupandishwa vyeo. Mwaka 2014 mahakama ya kazi iliamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni 5. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo, kwamba ushahidi haukutosha. Hatuwahukumu wao wala mwajiri. Tunaona tu jinsi karatasi ilivyo na nguvu, ikiwa daktari mwenyewe aweza kushindwa kwa kuikosa.

Huko Marekani, baraza la serikali linaloamua mambo ya kazi lilisema 2016, katika shauri la Columbia, kwamba wanafunzi wasaidizi wa vyuo vya watu binafsi ni wafanya kazi, waweza kuunda chama. Novemba 2022 watu 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma, wanafunzi watafiti wakiwamo, na mishahara ikapandishwa.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 humhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanya kazi. Yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mwajiri asipoutoa mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Kwa hiyo, vijana, kabla ya kupanda bodaboda ombeni barua yenye kiasi cha mshahara, siku ya kulipwa, na jina la mfuko unaolipa. Wekeni daftari la siku na saa.

Yule binti daftari analo. Barua yake ya kudai tumeiandika leo asubuhi, na katibu ataipeleka chuoni Jumatatu. Wengine wenye shida kama hiyo wamwone karani pale mlangoni kabla matatu yetu haijaondoka.