Muda wa Kukagua Boila Haurefushwi kwa Maneno Matupu

Mazungumzo kwa watu wa Kombewa



Kila mtu amepata kuona kifuniko cha sufuria kikirukaruka maji yanapochemka. Kinachokiinua ni mvuke. Kibaba kimoja cha maji kikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi ya vibaba 1,600 na zaidi. Mvuke huo ukifungiwa ndani ya chuma, ukakosa nafasi, hukisukuma chuma pande zote. Ikiwa boila ina mvuke wa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, basi kila futi moja ya mraba ya ubavu wake inasukumwa kwa ratili 14,400, yaani zaidi ya tani sita. Yafaa kila apitaye karibu na boila aikumbuke hesabu hiyo.

Nguvu hii imewatumikia sana watu wa Nyanza. Meli William Mackinnon, iliyoletwa kutoka ng'ambo vipande vipande, iliteremshwa ziwani mwaka 1900, na gari la moshi likafika Kisumu mwaka 1901. Zote mbili zilikwenda kwa mvuke. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, cha Muhoroni mwaka 1966, na cha Chemelil mwaka 1968. Katika viwanda vya namna hiyo makapi ya miwa huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huendesha mitambo na kupika maji ya miwa. Hata katika hospitali, visu na nguo za chumba cha kupasulia hutakaswa kwa mvuke ndani ya mtungi wa chuma uliofungwa. Mtungi huo ni mdogo kuliko boila, lakini nao huweza kuua.

Hatari ya boila ni kwamba ugonjwa wake huanzia ndani, mahali ambapo mchochea moto hapaoni. Maji yenye chokaa huacha ukoko juu ya chuma. Ukoko ukizidi, maji hayakigusi chuma tena ili kukipoza. Chuma hupata moto kupita kiasi, hulainika na kuvimba. Kutu nayo hula kidogo kidogo, na ufa mwembamba kama unywele hukua kila boila inapowashwa na kuzimwa. Kwa nje rangi ni nzuri na mashine inakwenda vyema. Kwa hiyo neno la kwamba boila haijaleta taabu tangu mwaka jana si ushahidi kwamba ni nzima.

Mataifa yalijifunza jambo hili kwa machozi. Tarehe 27 Aprili 1865, maboila ya meli Sultana yalipasuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis huko Marekani, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu ilipasuka katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts. Watu 58 walikufa, na mwaka 1907 jimbo hilo likatunga sheria ya maboila. Uingereza ilikuwa imekwisha kuamuru, kwa sheria ya mwaka 1901, kwamba kila boila ya kiwanda ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja katika kila miezi 14.

Katika Kenya, Sheria ya Viwanda ilitungwa mwaka 1950 ikaanza kutumika mwaka 1951. Ilitumika zaidi ya miaka hamsini, mpaka ilipofuatwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Ukaguzi kamili wa boila una sehemu mbili. Kwanza boila huzimwa, hupozwa, hufunguliwa na kusafishwa, ili mkaguzi aitazame ndani na nje. Kisha huwashwa, naye huitazama ikiwa na mvuke wake wa kawaida, aone kama vali ya usalama inafunguka kwa wakati wake, na kama geji na kioo cha kupimia maji vinasema kweli. Halafu huandika taarifa, nayo huwekwa mahali pa kazi. Akiandika humo sharti lolote, boila haitumiki ila kwa kulifuata sharti hilo.

Sasa watu huuliza: Je, muda wa ukaguzi waweza kurefushwa? Swali hili si la upuuzi. Kuzima boila ni kusimamisha kiwanda. Mkulima aliyekwisha kukata miwa yake hawezi kuirudisha shambani. Kila siku inayopita sukari inapungua ndani ya muwa, na fedha za karo zinapungua pamoja nayo. Vivyo hivyo, hospitali yenye mtungi mmoja tu wa kutakasia vyombo ikiufunga, wagonjwa wa kupasuliwa huahirishwa.

Jibu ni kwamba muda huweza kurefushwa mahali ambapo sheria imefungua mlango, na kwa masharti tu. Mfano mzuri ni kanuni za Uingereza za mwaka 2000 juu ya mitambo ya mvuke na ya hewa iliyoshindiliwa. Masharti yake ni haya:

Kwanza, kuahirisha kusilete hatari yoyote.

Pili, mwenye mtambo na mkaguzi aliyeandika taarifa wapatane kwa maandishi. Mwenye mtambo hawezi kujipa ruhusa peke yake.

Tatu, ukaguzi mmoja huahirishwa mara moja tu. Hakuna kuahirisha juu ya kuahirisha.

Nne, wakuu wenye kusimamia sheria wapewe habari kwa maandishi kabla ya tarehe iliyowekwa, wala si baada yake.

Kuna namna nyingine ya kurefusha, nayo ni sheria yenyewe kuweka muda mrefu zaidi kwa mitambo ya aina fulani. Mwaka 1964 Uingereza iliruhusu maboila fulani makubwa, ambayo maji hupita ndani ya mirija, yakaguliwe kila miezi 26 badala ya 14. Muda huo uliongezwa kwa sababu ya namna maboila hayo yalivyoundwa na kutunzwa, wala si kwa sababu wenyewe walikuwa na haraka. Boila kuukuu, yenye maji machafu na daftari tupu, haiwezi kudai heshima ya boila hizo.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mwenye kiwanda aitazame tarehe ya cheti mapema, aupange ukaguzi katika majuma ambayo miwa ni michache, na akiwa na shida aiandikie ofisi ya usalama kazini kabla muda haujakwisha. Mchochea moto aandike kila siku kimo cha maji na nguvu ya mvuke, wala asikubali kamwe kuifunga au kuilemea vali ya usalama, hata akiamriwa. Mfanyakazi mwingine yeyote ana haki ya kuuliza cheti kiko wapi na tarehe yake ni ipi. Nao wakulima wasimlaumu mkaguzi kwa siku chache za kungoja, maana boila ikipasuka hakuna atakayesaga miwa yao msimu huo wote, na miongoni mwa watakaozikwa huenda wakawamo watoto wao wenyewe waliokwenda kutafuta kazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa boila hauwangoji watu kujenga ukuta.