Geuza, Futa Vumbi, Soma: Mazungumzo Kuhusu Msumeno wa Nakshi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakaazi waliokutana kujadili matumizi mema ya wakati wa mapumziko. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Mmezoea kuniona nikiwa na taarifa mkononi: maji, barabara, basari, chanjo ya watoto. Leo sikuleta taarifa. Nimeleta kipande cha plaiwudi kilichokatwa umbo la samaki, na kisa cha shilingi 9,000 zilizoishia kuwa moshi. Vyote viwili vinahusu uraibu mmoja ambao ningependa muufahamu, na kosa moja ambalo nisingependa mlirudie.

Baba yangu alitengeneza mitambo bandarini kwa miaka 31. Alipostaafu akiwa na miaka 60, nyumba ilinyamaza. Aliamka alfajiri kama kawaida, akavaa, kisha akakaa barazani bila la kufanya. Mtu aliyeshinda akibishana na mashine sasa hakubishana na yeyote. Mama alisema tumwache apumzike. Mimi niliona kwamba mikono iliyozoea kazi haipumziki kwa kukaa bure. Inataka kazi nyingine iliyo nyepesi. Hapo ndipo nilipofikiria msumeno wa nakshi.

Msumeno huu ni upi?

Msumeno wa nakshi, ambao wauzaji wengi huuita skroli so, ni mashine ndogo ya umeme inayowekwa mezani. Ina meza ya chuma, na juu yake mkono mrefu. Katikati hukazwa bledi nyembamba ambayo hupanda na kushuka kwa kasi. Si kama jigso, ambayo fundi huishika na kuipeleka juu ya ubao. Hapa mashine imetulia, na wewe ndiwe unayeuzungusha ubao kwa vidole, polepole, ukifuata mstari uliochora.

Uzuri wake uko katika kukata ndani. Unatoboa tundu dogo kwa keekee, unalegeza bledi upande wa juu, unaipitisha tunduni, unaikaza tena, kisha unakata ua lililo katikati ya ubao bila kugusa ukingo. Ukitembea Mji wa Kale, Mombasa, inua macho uangalie roshani. Zile mbao zilizotobolewa maua ni kazi ya jamii hiyo hiyo. Milango ya nakshi ya Lamu ni jambo jingine. Ile huchongwa kwa patasi na nyundo. Kwa hiyo uraibu huu si mgeni kabisa kwetu. Kigeni ni umeme tu.

Wala hauhitaji mbao za bei. Plaiwudi ya milimita 3 hadi 6 inatosha kuanzia. Mabaki ya mwembe au mwarobaini kutoka kwa seremala wa mtaani ni mazuri pia. Wachongaji wetu wa vinyago wenyewe wameanza kutumia miti kama hiyo badala ya muhugu, mti wa msituni unaokua polepole na ambao umekatwa mno.

Kosa langu

Niliona picha ya msumeno uliotumika kwenye simu. Muuzaji alisema umetoka Marekani na haujafanya kazi sana. Nilituma pesa siku hiyo hiyo, na bodaboda akauleta jioni. Plagi yake ilikuwa ya pini tatu kama zetu, nami nikaridhika.

Baba aliuwasha. Ulilia kwa sauti kali kwa sekunde chache, kukatoka harufu ya kuungua, halafu moshi. Aliichomoa plagi, akangoja, kisha akaugeuza msumeno kifudifudi. Kulikuwa na kibati kidogo kilichojaa vumbi. Akalifuta kwa kidole gumba na kusoma: volti 120, hezi 60.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii iliandikwa. Uliisoma?"

Umeme wetu hapa Kenya ni volti 240, hezi 50. Kuna mtu aliyekata plagi ya Kimarekani akafunga ya kwetu, lakini plagi haibadilishi mota. Mimi nina shahada ya uandishi wa habari. Nimefundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Siku ile sikuuliza hata moja.

Lakini lipo jambo lililotokea ambalo sikulitarajia. Asubuhi iliyofuata Baba hakuwa barazani. Alikuwa chini ya mwembe, amefungua ile mashine iliyokufa, amepanga skrubu zake juu ya gazeti. Alinieleza kila sehemu. Alisema maneno mengi asubuhi ile kuliko mwezi mzima uliotangulia. Wiki chache baadaye tulikwenda pamoja kutazama msumeno mwingine, na mara hii aliyeuliza maswali alikuwa yeye. Maswali hayo ndiyo ninayotaka mwondoke nayo.

Maswali saba kabla ya kutoa pesa

Kwanza, umeme. Tafuta kibati cha mashine, usome volti na hezi. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza hukubaliana na umeme wetu. Za Marekani mara nyingi ni volti 120, na za Japani ni volti 100. Transfoma inaweza kushusha volti, lakini haibadilishi hezi. Mota ya mwendo mmoja iliyoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole zaidi kwenye hezi 50, takribani sehemu moja kati ya sita. Jumlisha bei ya transfoma kwenye bei ya msumeno kabla hujasema umepata rahisi.

Pili, bledi. Ziko za aina mbili: zenye vipini vidogo kwenye ncha, na zisizo na vipini. Ya vipini ni rahisi kuifunga, lakini inahitaji tundu kubwa, kwa hiyo haifai nakshi ndogo ndogo. Isiyo na vipini hupita kwenye tundu jembamba sana. Urefu wa kawaida ni inchi 5, yaani milimita 127. Ukikuta mashine ya zamani inayotaka bledi fupi za urefu wake wa pekee, iache, kwa maana utahangaika kuzitafuta.

Tatu, mkono. Mashine ikiwa imechomolewa, shika ncha ya mkono uutikise kushoto na kulia. Ukicheza sana, beringi zimekwisha, na mstari wako hautanyooka hata ukiwa fundi. Pima pia nafasi kati ya bledi na nguzo ya nyuma. Kwenye misumeno mingi ni kama inchi 16, na hiyo ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa ubao utakaoweza kuuzungusha.

Nne, mtetemeko. Omba iwashwe mbele yako, kwa dakika 10, si kwa sekunde mbili. Simamisha sarafu ya shilingi 20 juu ya meza yake kwa ukingo. Ikisimama, mashine imetulia. Ikianguka, kaza kwanza skrubu zinazoishikilia mezani, kisha jaribu tena. Wakati huo huo nusa. Mota inayoungua hujitangaza kwa harufu kabla ya moshi.

Tano, kutu. Hapa pwani hewa ya chumvi haina huruma. Kutu ya juu juu kwenye meza huondoka kwa msasa na mafuta, kisha unaisugua meza kwa mshumaa ili ubao uteleze. Kutu iliyoingia kwenye vibanio vya bledi au kwenye skrubu za kukazia ni ugonjwa mwingine.

Sita, vipuri. Funga na ufungue bledi mwenyewe, juu na chini. Vibanio ndivyo vinavyochakaa haraka, na vikiteleza hakuna kazi. Muulize muuzaji vipuri vinapatikana wapi. Akikosa jibu, jibu umelipata.

Saba, mwenye mali. Omba risiti, jina na nambari ya simu ya muuzaji. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni kosa la jinai. Bei ya kushangaza ni sababu ya kuuliza.

Ule msumeno wa pili ulikuwa wa volti 240. Muuzaji alitaka shilingi 14,000. Baba alionyesha kutu ya mezani na kibanio kimoja kilichochakaa, na tukamaliza kwa 11,500. Ukijumlisha na zile 9,000 zangu, mtaona kwamba msumeno wetu wa bei nafuu ulitugharimu shilingi 20,500. Kutouliza ndiko kulikokuwa ghali.

Ukishaufikisha nyumbani

Funga bledi meno yakiangalia chini. Ikaze mpaka ukiigusa kwa kidole ilie kama uzi wa ala ya muziki. Bandika mchoro wa karatasi juu ya ubao, anza na mistari mirefu, usisukume. Iache bledi ikate kwa mwendo wake. Utaona inavuta kidogo upande mmoja. Si wewe uliyekosea, bledi nyingi ndivyo zilivyo. Inamisha ubao pembe ndogo kuelekea huko, utazoea. Zitakatika pia. Nunua kadhaa kwa pamoja, na usikate tamaa kwa ile ya kwanza.

Msumeno huu ni mpole kuliko misumeno mingi ya umeme, lakini upole si ruhusa ya uzembe. Vidole visikae mbele ya bledi. Vaa miwani ya kujikinga. Funga mikono mirefu ya nguo na ncha za mtandio. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha bledi. Mtoto asiuguse bila mtu mzima kando yake.

Kuhusu vumbi, sitatania. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanyia kazi mahali penye hewa, vaa barakoa inayobana vizuri, na futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kupeperusha kwa fagio. Mbao za MDF hutoa vumbi laini zaidi, kwa hiyo jihadhari nazo.

Tuwakumbuke pia majirani. Udhibiti wa kelele ni kati ya majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti. Ofisi yetu hupokea malalamiko, na nisingependa jina lako liwe mojawapo. Weka kipande cha mpira chini ya mashine, na usiku uuache ulale.

Neno la mwisho

Najua kuna atakayeuliza: utaniletea pesa? Huenda zikaja kidogo, na ukianza kuuza kama biashara, pitia ofisi ya leseni kwanza. Lakini usikope kwa ajili ya uraibu, na usimpe kijana ahadi ya ajira kwa sababu ya mashine moja. Kabla hujanunua chochote, nenda kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Vyuo hivyo pia viko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa jedwali hilo hilo. Zungumza na mwalimu wa useremala, ushike ubao mwenyewe, ujue kama mikono yako inaipenda kazi hii. Kuuliza hakulipiwi.

Samaki huyu niliyemshika ndiye wa kwanza kutoka kwenye mikono ya Baba. Mkia wake umepinda. Nilimwambia amkate mwingine anipe mzuri wa kuwaonyesha, akakataa. Akasema, "Wapelekee huyo. Wajue nilianzia wapi." Siku hizi anakata herufi za plaiwudi kwa ajili ya mjukuu wake anayejifunza kusoma, na barazani hapatikani ila jioni, nguo zimejaa unga wa mbao, akitaka kumweleza kila apitaye jinsi ya kukata herufi S.

Basi ndugu zangu, mkiona msumeno unauzwa, ugeuzeni, mfute vumbi, msome. Kisha ndipo mtoe pesa.