Nyumba za Udongo Katika Nchi ya Denmark

Wako wadhanio ya kuwa nyumba ya udongo ni ya nchi za joto tu. Huko Denmark, penye theluji, wakulima wa zamani walisimamisha nguzo juu ya msingi wa mawe, wakasuka fito katikati, wakakandika udongo uliochanganywa na mabua makavu, kisha wakapaka chokaa. Nyumba za nguzo namna hiyo zingalipo katika makumbusho ya Den Gamle By, mjini Aarhus, yaliyofunguliwa mwaka 1914.

Adui mkubwa wa kuta hizo si baridi, bali ni saruji. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na nguzo huoza kwa siri. Kwa hiyo mafundi wa sasa wameirudia chokaa, na katika nyumba mpya wengine hukandika udongo ndani, maana hunywa unyevu wa hewa, na hewa ikikauka huurudisha.