Valvu za Pikipiki ya Kikundi: Zipimwe Ingali Mpya

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kibirichia)

Leo mbegu za viazi tutaziacha kidogo. Tutazungumza juu ya pikipiki, na sehemu yake moja tu, valvu.

Mtasema, hiyo si kazi ya fundi? Ni ya fundi, ndiyo. Lakini pikipiki ni ya nani? Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, kuna vikundi vilivyoweka kando mambo ya kununua sufuria na viti vya kukodisha vikanunua Boxer, TVS, ama zile za muundo wa Honda CG125. Pesa ni za michango na mkopo. Injini ikifa mwezi wa nane, mkopo haufi nayo. Wanachama wanabaki kulipia chuma kilichosimama.

Sasa, injini hizi ni za mapigo manne. Inavuta hewa na petroli, inabana, inalipua, inatoa moshi. Valvu moja, iliyo upande wa kabureta, inafungulia hewa iingie. Ya pili, upande wa ekzosi, inafungulia moshi utoke. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungika mara 50 kwa sekunde moja. Hebu fikirini mlango wa nyumba yako ukifanywa hivyo mchana kutwa.

Kati ya valvu na kile kidole kinachoisukuma kuna nafasi ndogo sana. Ndiyo mafundi huita tapeti. Kwa Honda CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Hiyo ni karibu unene wa unywele. Pikipiki nyingine zina vipimo vyao, na mara nyingi valvu ya ekzosi hupewa nafasi kubwa kidogo kwa sababu inapata moto zaidi. Kipimo chako kiko kwenye kitabu kilichokuja na pikipiki. Tafadhali kitabu hicho kisiwe cha kuwashia jiko. Kikae kwa katibu.

Kwa nini nafasi iwepo? Chuma kikipata moto kinarefuka. Nafasi isipokuwepo, valvu ikirefuka haifungiki sawasawa. Na valvu hupoa ikigusa kiti chake. Isipogusa, moto unapita kando yake kila mlipuko, mpaka inaungua ukingo. Hapo si kurekebisha tena, ni kufungua kichwa cha injini.

Na hapa ndipo pikipiki mpya inawadanganya watu. Siku za kwanza valvu zinajikalisha kwenye viti vyake, zinazama kidogo, na ile nafasi inapungua. Tapeti zikilegea zinapiga kelele, ta-ta-ta, na kila mtu anasikia. Zikibana, injini inanyamaza vizuri kabisa, mwenye nayo anafurahi ati ni mpya. Sisi tunaogopa zaidi ile iliyonyamaza.

Dalili zipo. Asubuhi unapiga kiki mara nyingi ndipo iwake. Ikiwa imesimama inatetemeka na kuzima. Ikipanda mlima na magunia mawili ya viazi inakosa nguvu. (Na sheria ya gunia la kilo 50 ni ya gunia moja moja, hakuna aliyesema uyapange matatu juu ya pikipiki!) Wengine husema ni kwa sababu huku kwetu ni juu na hewa ni nyepesi. Ni kweli hewa nyepesi hupunguza nguvu, lakini mlima ni ule ule wa jana. Kama mwezi uliopita ilipanda na leo haipandi, usilaumu mlima.

Dalili nyingine ni petroli kuisha haraka. Hili tulisisitize, kwa maana limevunja vikundi. Mwendeshaji analeta pesa kidogo, anasema petroli imekula. Mweka hazina anaona ni wizi. Labda ni wizi, hatukatai. Lakini kabla hamjamwita kijana wa watu mwizi, pimeni valvu. Ni kazi isiyozidi saa moja.

Kwa pikipiki nyingi kipimo cha kwanza ni kati ya kilomita 500 na 1,000. Kama mlipewa kuponi ya huduma ya bure, itumieni, na mwanachama mmoja asimame pale. Kuna mahali wanabadilisha oili, wanafuta vumbi, wanapiga muhuri. Ulizeni: valvu mmepima?

Kazi yenyewe ni hivi. Injini ilale usiku mzima. Baridi ya Kibirichia hapa inatusaidia. Fungeni petroli, toeni plagi ili injini izunguke kwa urahisi, fungueni kifuniko cha tapeti na vile viwili vya upande wa magneto. Zungusheni kwa spana, upande ule injini huzunguka ikifanya kazi (kwa CG125 ni kinyume cha saa), mpaka alama ya T ilingane na mkato. Shikeni vidole vyote viwili vya valvu: vyote vicheze. Kimoja kikikaza, mko kwenye pigo lisilofaa. Zungusheni duara moja zima.

Ingizeni kile kipimo cha majani ya chuma, mafundi hukiita fila. Kipite kwa kusugua kidogo. Kisipopita ama kikipita kwa ulegevu, legezeni nati, geuzeni skrubu, kisha ishikeni skrubu isisogee mnapokaza nati. Pimeni tena, maana kukaza nati huivuta. Zungusheni injini kwa mkono duara mbili, mpime mara ya tatu.

Kuna wanaotumia ubao wa msumeno wa chuma badala ya fila. Ule una unene wa zaidi ya nusu milimita! Ni mara kadhaa ya kinachotakiwa. Na anayepima kwa sikio, injini ikiwa moto, mwambieni asubiri kesho asubuhi. Fila moja yatosha vikundi kadhaa, nunueni pamoja.

Ile Boxer iliyo pale nje imelala tangu jana jioni na haijaguswa. Kitabu chake kiko hapa. Twendeni tuifungue, na mweka hazina ndiye atakayeshika fila.