Kufunguliwa kwa Shule na Amana ya Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetuumba, akatupa masikio na macho na nyoyo, na akatukunjulia njia za kutafuta elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ahli zake, na Masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi akina mama na watoto mnaotusikiliza majumbani, twajiusia sisi wenyewe kabla ya kuwausia nyinyi: tumche Mwenyezi Mungu katika mambo yaliyo wazi na katika yale yaliyofichika, kwani kesho tutaulizwa juu ya kila amana tuliyokabidhiwa.

Mwezi wa Januari umeingia, na kengele za shule zimelia tena katika mji wetu wa Tanga, tokea Chumbageni na Ngamiani mpaka Pongwe na Tongoni. Wako watoto waliovaa sare mpya wakaondoka asubuhi kwa furaha. Wako pia waliobakia barazani wakiwatazama wenzao wakipita. Kwa hivyo khutba yetu ya leo tumeiweka juu ya suala moja tu: Je, kila mtoto wa mtaa wetu yumo darasani? Na ikiwa hayumo, ni nani atakayeulizwa?

Ndugu zangu, amri ya mwanzo aliyoteremshiwa Mtume wetu katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma. Na baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra, yaani mwaka 624, walikuwapo mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Wanachuoni wa Sira wamepokea kwamba fidia yao ilikuwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika. Tutazame jambo hili kwa makini. Mji ulikuwa maskini, na dinari za fidia zilihitajiwa. Juu ya hayo, walimu wenyewe walikuwa washirikina waliotoka kupigana na Waislamu jana yake. Hata hivyo Mtume aliona kuwa elimu ya mtoto yafaa kuchukua mahali pa dinari, wala hakuona kuwa herufi huharibika kwa sababu ya mkono wa anayezifundisha.

Twayasema haya kwa sababu mji wetu una historia yake. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa hapa hapa Tanga mwaka 1892. Tangu siku hizo, na katika zama za Waingereza baadaye, wazee wetu wengi waliiogopa shule. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi alichelea kuwa mwanawe ataingia Muislamu atoke na dini nyingine. Lakini baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule nyingi za madhehebu, ili mtoto asizuiliwe mlangoni kwa ajili ya dini yake. Basi mzazi anayemwacha mtoto nyumbani leo, akisema hivyo ndivyo walivyofanya wazee, amerithi hofu yao bila ya kuwa na sababu yao.

Wengine hawana hofu hiyo, ila husema kuwa shule ni gharama. Na tuitazame gharama yenyewe. Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016 ikaondolewa ada ya sekondari mpaka kidato cha nne, nayo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 ikafuata ada ya kidato cha tano na cha sita. Huu ni mlango mpana, na yatupasa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kufunguliwa kwake.

Lakini ndugu zangu, kuondoka kwa ada si kuondoka kwa wajibu wa mzazi. Sare, viatu, madaftari, kalamu, chakula cha mchana na matibabu vimebakia juu ya mabega yetu. Fedha za ruzuku zilizopangiwa shule wakati ada ilipoondolewa zilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwenye kugawanya elfu kumi kwa siku hizo ataona kuwa mtoto wa msingi hupata kiasi cha shilingi 50 tu kwa siku. Ni nani atakayedhani kuwa shilingi 50 zitamnunulia mtoto chaki, karatasi za mtihani na uji? Kwa hivyo ukiitwa kwenye mkutano wa wazazi, nenda. Michango ikikubaliwa na wazazi wenyewe kwa utaratibu uliowekwa, nayo iko katika uwezo wako, toa. Na ikiwa una shaka juu ya matumizi, uliza mbele ya Kamati ya Shule kwa adabu, uonyeshwe hesabu. Kunung'unika barazani hakujazi sufuria ya uji.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia uchungu. Kila mwaka wako watoto waliofaulu, majina yao yakabandikwa ubaoni kuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, kisha wiki zikapita hawakuripoti. Ukiuliza, waambiwa shati halijapatikana, au viatu, au mama anangoja mchezo wake wa fedha umfikie zamu. Viongozi wa Serikali wamekuwa wakikumbusha miaka hii kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare, bali apokewe huku mzazi akiendelea kujitayarisha. Basi mpeleke na nguo aliyo nayo, iliyofuliwa ikawa safi. Enda naye wewe mwenyewe, zungumza na Mwalimu Mkuu. Ukikwama, nenda kwa Afisa Elimu wa Kata au ofisi ya Serikali ya Mtaa. Wiki mbili za mwanzo ndizo mwalimu anazoweka misingi ya somo, na mtoto aliyezikosa hukaa nyuma akisikia maneno asiyoyajua mwanzo wake.

Na yule ambaye kweli hana? Huyu hatuwezi kumwambia ajitahidi tu kisha tukaenda zetu. Katika msikiti wa Mtume huko Madina palikuwa na watu wa Suffa, mafakiri waliokaa humo wakijifunza dini. Hawakuwa na nyumba wala mashamba. Waansari walikuwa wakileta mashada ya tende wakiyatundika msikitini ili wanafunzi wale wapate kula. Abu Huraira, ambaye Hadithi nyingi zimetufikia kwa ulimi wake, alikuwa mmoja wao. Lau wangeachwa na njaa yao, elimu hiyo ingetufikia kwa njia gani?

Basi twapendekeza kila msikiti ufanye jambo jepesi. Baada ya Sala hii, watu watatu waaminifu wateuliwe, na akina mama wawili wawe pamoja nao, kwani akina mama ndio wajuao yaliyomo majumbani. Wapite nyumba kwa nyumba bila ya kutangaza, waandike ni mtoto gani hayuko shule na amekosa kitu gani. Si lazima kitu hicho kiwe kikubwa. Sare ya kijana aliyemaliza mwaka jana yaweza kufuliwa na kupunguzwa na fundi wa mtaani. Mwenye duka atoe madaftari. Mwenye baiskeli isiyotumika ampe mtoto anayetembea mbali. Na siri za watu zihifadhiwe, mtoto asije akachekwa darasani kuwa amevaa shati la sadaka.

Katika fedha tuchunge hukumu. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba. Mtoto wa fakiri hupewa zaka kwa ufakiri wake, ikakabidhiwa walii wake anunue yanayomhitajia, na sare na daftari zimo katika mahitaji hayo. Ama kujenga darasa na kununua madawati, tuyafanye kwa sadaka na wakfu, tuiache zaka iwafikie wenye haki yake. Anayemwaga mali katika sherehe ya usiku mmoja, ilhali mtoto wa jirani amekosa viatu, na aipime nafsi yake.

Tena tuna neno juu ya watoto wetu wa kike. Baadhi ya watu humtoa binti shuleni na kumwoza, wakidhani wameilinda heshima. Wajue kwamba Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza kumwoa au kumwoza mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Na mwenye binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito asimfungie ndani. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao kurudi shuleni. Toba ni mlango wa Mwenyezi Mungu, wala hakuna baba aliyepewa ufunguo wa kuufunga. Bibi Aisha, Mama wa Waumini, alikuwa akiulizwa masuala na Masahaba wakubwa. Binti zetu wana haki ya kuwa na elimu ya kuulizwa.

Na nyinyi walimu wenzetu wa vyuo vya Kurani, tukubaliane juu ya saa. Mtoto anayetoka shule saa tisa akatakiwa chuoni saa tisa hiyo hiyo atachapwa huku au kule bila ya kosa. Tupange darsa zetu baada ya Alasiri na katika siku za mwisho wa wiki, tujue ratiba za mitihani, na tumpe mtoto nafasi ya kula. Nasi kwa upande wetu twawaomba wazazi wasimtoe mtoto chuoni kwa kisingizio cha masomo ya ziada. Zaid bin Thabit alikuwa mwandishi wa wahyi, na Mtume akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi. Elimu hizo mbili zilikaa katika kifua kimoja. Aidha, shule zina vipindi vya dini, na vipindi hivyo mara nyingi hupita bure kwa kuwa hatukupeleka mwalimu. Kila msikiti ulio karibu na shule umteue mtu mwenye elimu na subira, aende kwa Mwalimu Mkuu akajulishwe siku na saa, kisha asikose.

Nanyi wanafunzi, wana wetu, sikilizeni. Shati lako limenunuliwa kwa jasho la mtu aliyeamka kabla ya alfajiri kwenda pwani au sokoni. Usiliweke jasho hilo chini ya mwembe pamoja na watoro. Mheshimu mwalimu wako, awe Muislamu au asiwe. Usimcheke mwenzio aliyekuja na kandambili. Sali Adhuhuri kwa wakati wake, uombe ruhusa kwa adabu.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu ametufundisha kwamba kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga mwema huhesabu kundi lake jioni. Nasi tuhesabu watoto wetu jioni ya leo, nyumba kwa nyumba, na yule tutakayemkuta hayumo darasani, Jumatatu aamshwe mapema, ashikwe mkono, apelekwe.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye unyenyekevu. Wakunjulie riziki wazazi wao, wape subira walimu wao, na uwarehemu waliotufundisha sisi herufi ya kwanza. Mjaalie kila aliyemvika mtoto wa mwenziwe avikwe na Wewe siku ambayo hakuna vazi ila ulilolitoa. Utughufirie sisi na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliotangulia. Amin.

Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.