Nyumba, Kazi na Shule

Leo twapenda kusema nanyi habari ya mzazi atafutaye nyumba mjini: akae karibu na kazi yake, au karibu na shule njema?

Tutwae mfano wa Dar es Salaam. Mtu afanyaye kazi Kivukoni huweza kupanga Kibaha, mwendo wa kilomita 40 hivi, kwa kuwa amesikia sifa za shule ya huko. Akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku tano ni saa 20. Naye hurudi watoto wamekwisha lala.

Walakini akikaa karibu na kazi, akampeleka mtoto shule ya mbali, safari haikupungua, amemtwika mtoto. Mtoto huamka usiku, husimama kituoni, na kondakta humkataa kwa udogo wa nauli yake. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hata kidato cha nne, lakini njia yatoza: nauli na usingizi. Sisi walimu twawaona wakisinzia katika somo la kwanza.

Basi, kabla ya kulipa kodi, izuru shule siku ya masomo. Tazama kama walimu wamo darasani na madaftari yamesahihishwa. Kisha ipite njia saa ile ile atakayopita mtoto. Shule mbili zikikaribiana kwa wema, chagua ile aifikiayo kwa miguu. Safari ikiwa haina budi, aibebe mzazi. Ila asiibebe hata akakosa nafasi ya kulitazama daftari la mwanawe.